Fundi wa nguo aliyejaza uwanja wa Louisville, na mpanda farasi aliyebaki nje

Mwaka 1902 uwanja wa mbio za farasi wa Churchill Downs, mjini Louisville, jimbo la Kentucky nchini Marekani, ulikuwa karibu kufungwa. Ulikuwa na umri wa miaka 27, na katika miaka hiyo yote haukuwa umeleta faida hata mwaka mmoja. Jukwaa lake lilikuwa zuri, lenye minara miwili inayoonekana kutoka mbali. Lakini watazamaji walikuwa wamepungua, matajiri wenye farasi bora walipeleka farasi wao kwenye viwanja vya New York, na wenye mali walikuwa wakitafuta mtu wa kuwatua mzigo.

Leo uwanja huo ni kati ya viwanja vya farasi vinavyojulikana zaidi duniani. Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano, mbio zake kubwa zinazoitwa Kentucky Derby huvuta zaidi ya watu laki moja kwa siku moja. Mwaka 2015 walihesabiwa watazamaji 170,513, hesabu kubwa kuliko zote zilizowahi kuandikwa pale.

Namna uwanja ulivyotoka katika madeni na kufikia umati huo ni habari ya uongozi mpya uliojua kuwavuta watu wa kawaida. Wengi huisimulia hivyo na kuishia hapo. Lakini miaka ile ile viti vilipokuwa vikijaa, watu waliokuwa wamezijenga mbio hizo kwa mikono yao walikuwa wakitolewa nje mmoja mmoja. Habari hizo mbili haziwezi kutenganishwa.

Uwanja kwenye shamba la wajomba

Mwanzilishi wa uwanja alikuwa Meriwether Lewis Clark, kijana wa familia kubwa. Babu yake, William Clark, ni mmoja wa wapelelezi wawili walioongoza safari maarufu ya kuvuka Marekani hadi bahari ya Pasifiki mwanzoni mwa karne ya 19. Kijana huyo alisafiri Ulaya mwaka 1872, akaona mbio za Derby za Epsom huko Uingereza, akapita Ufaransa na kujifunza namna Wafaransa walivyopanga mbio zao na pari zao. Aliporudi aliamua kwamba Kentucky, jimbo la wafugaji wa farasi, lazima liwe na mbio za namna ile.

Ardhi aliipata kwa wajomba zake wawili, John na Henry Churchill, na ndiyo maana jina la Churchill limebaki pale mpaka leo. Pesa alizipata kwa kuanzisha chama, Louisville Jockey Club, na kuuza uanachama kwa watu 320, kila mmoja dola 100. Jumla ikawa dola 32,000, zikatosha kujenga njia ya mbio na jukwaa la kwanza.

Tarehe 17 mwezi wa tano 1875, watu wapatao 10,000 walikuja kutazama Derby ya kwanza. Farasi 15 walipangwa kwenye mstari kwa mbio za kilomita mbili na nusu hivi. Aliyeshinda ni farasi mwekundu mdogo wa umbo, jina lake Aristides. Tajiri wake hakuwa amemtegemea huyo. Alikuwa na farasi mwingine katika mbio hizo, na Aristides alitakiwa tu kukimbia mbele ili awachoshe wengine. Yule wa pili aliposhindwa kutokea, tajiri alimpungia mkono mpanda farasi wa Aristides aendelee. Akaendelea, akashinda.

Mpanda farasi huyo aliitwa Oliver Lewis. Alikuwa Mmarekani Mweusi. Mtu aliyemfundisha farasi, Ansel Williamson, alikuwa Mweusi pia, na alizaliwa mtumwa. Kati ya wapanda farasi 15 waliokimbia siku hiyo, 13 walikuwa Weusi.

Mikono iliyowalea farasi

Hesabu hiyo haikuwa ya bahati. Kentucky lilikuwa jimbo la utumwa mpaka mwisho wa mwaka 1865. Katika mashamba makubwa ya farasi, waliolala mazizini, waliowalisha, waliowatibu, waliowazoeza na kuwapanda walikuwa watumwa. Mtoto wa mtumwa alikua na farasi kama mtoto wa mfugaji anavyokua na ng'ombe. Anamjua mnyama kwa sauti yake, kwa pumzi yake, kwa namna anavyotega masikio. Utumwa ulipofutwa, ujuzi huo ukawa mali pekee ambayo wengi wao walitoka nayo. Mbio za farasi zikawa moja ya kazi chache ambamo Mweusi aliweza kulipwa vizuri na kuandikwa gazetini kwa jina lake.

Katika Derby 28 za kwanza, kutoka 1875 mpaka 1902, wapanda farasi Weusi walishinda 15. Mkubwa wao aliitwa Isaac Murphy. Alishinda Derby mara tatu, mwaka 1884, 1890 na 1891, na katika wakati wake alikuwa mmoja wa wanamichezo waliolipwa vizuri zaidi Marekani. Watu walikuja uwanjani kumtazama yeye, kama leo wanavyokwenda kiwanjani kwa ajili ya mchezaji mmoja. Kwa hiyo mtu akiuliza nani alikuwa wa kwanza kujaza jukwaa la Louisville, jibu halianzi na viongozi wa chama. Linaanza na wapanda farasi hao.

Jinsi chama kilivyokwama

Clark alijua mbio, lakini pesa zilimshinda. Faida haikuja. Tena mwaka 1886 kulitokea ugomvi ulioacha jeraha refu. Tajiri mmoja kutoka California, James Ben Ali Haggin, alileta farasi wake na akashinda Derby. Lakini alikuta kwamba wapokea dau hawakuwepo uwanjani, kwa sababu hawakuelewana na chama juu ya malipo, naye alitaka kuweka dau kubwa. Alikasirika, akaondoa farasi wake wote, akasema na wenzake. Kwa miaka mingi baadaye, matajiri wa mashariki ya Marekani walikwepa Louisville.

Farasi bora wasipokuja, watazamaji nao hupungua. Watazamaji wakipungua, zawadi ya mshindi hupungua. Zawadi ikipungua, farasi bora hawaji. Chama kikaingia katika mzunguko huo na hakikuweza kutoka.

Mwaka 1894 kikauzwa kwa kundi jipya. Kundi hilo lilijenga jukwaa jipya upande wa pili wa njia ya mbio, ili jua la mchana lisiwapige watazamaji machoni, na juu yake fundi mchoraji kijana, Joseph Baldez, akaweka minara miwili. Jukwaa lilifunguliwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata Derby ikafupishwa mpaka kilomita mbili hivi, kwa kuwa wenye farasi walilalamika kwamba mbio ndefu zinawaumiza farasi wachanga mapema mno katika mwaka. Hayo yote yalikuwa mazuri, ila hayakuleta watu. Clark mwenyewe alifariki mwaka 1899 bila kuona ndoto yake ikilipa.

Hapo kuna funzo ambalo komite nyingi za michezo zimelipata kwa uchungu: jukwaa jipya peke yake haliiti mtu. Watu wanaitwa na kile kitakachotokea mbele ya jukwaa.

Mshona nguo anachukua usukani

Matt Winn hakuwa tajiri wa farasi. Alizaliwa Louisville mwaka 1861. Alifanya kazi ya kuzunguka akiuza bidhaa za duka, kisha akawa mshona nguo za wanaume mjini. Derby ya kwanza ya 1875 aliitazama akiwa na miaka 13, amesimama juu ya mkokoteni wa baba yake katikati ya uwanja. Tangu siku hiyo hakukosa Derby hata moja.

Mwaka 1902 alipoelezwa kwamba uwanja utafungwa kama hakuna mnunuzi, alikusanya marafiki na wafanyabiashara wa mji wakaununua kwa dola 40,000. Meya wa mji, Charles Grainger, akawa mkuu wa chama. Charlie Price aliyejua kupanga mbio akabaki na kazi hiyo. Winn aliingia kama makamu, kisha akawa mwendeshaji wa kila siku.

Kundi hilo halikuanza na farasi, lilianza na mji. Waliufanya uwanja uwe mahali ambapo mkaaji wa Louisville angeweza kuja hata siku isiyo ya mbio. Palifanyika maonyesho ya kilimo na mifugo ya jimbo, na muziki wa bendi. Walitengeneza nyumba ya wanachama ili familia za mji ziwe na pa kukutania. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza kamili wa uongozi huo, hesabu zilionyesha faida. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka 28.

Mashine za Kifaransa

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 1908. Viongozi wapya wa mji waliapa kukomesha pari, wakapiga marufuku wapokea dau. Wakati ule viwanja vingi vya Marekani vilifungwa kwa sheria za namna hiyo, na uwanja usio na pari haukuwa na pa kutoa zawadi za washindi.

Winn na wenzake walisoma sheria za zamani za Kentucky, wakakuta kwamba kuna aina moja ya pari iliyoruhusiwa: ile ya Kifaransa, pari mutuel, ambayo ilianzishwa Paris na Joseph Oller katika miaka ya 1860. Clark alikuwa ameleta mashine zake Louisville zamani, lakini wapokea dau hawakuzitaka na zikaachwa. Zikatafutwa, zikafutwa vumbi, zikatengenezwa. Kesi ikaenda mahakamani na uwanja ukashinda.

Tofauti ya mbinu hizi mbili ni rahisi. Kwa mpokea dau, mchezaji anapambana na mtu mmoja aliyepanga bei mwenyewe, na mtu huyo anaweza kuhama usiku na pesa za watu. Ndivyo zilivyo hata pari nyingi za mpira zinazochezwa leo: bei inapangwa na mwenye kampuni. Katika pari mutuel, pesa zote zinaingia kwenye mfuko mmoja. Uwanja unakata sehemu yake, na zinazobaki wanagawana wale waliochagua farasi aliyeshinda. Ikiwa wengi wamemchagua, kila mmoja anapata kidogo. Ikiwa wachache wamemchagua, wanapata nyingi.

Lakini usawa huo usimdanganye mtu. Katika mfuko huo, mwenye uhakika wa kupata kila siku ni mmoja tu, naye ni uwanja. Wachezaji wengi hurudi nyumbani na mifuko myepesi kuliko walivyokuja.

Mwaka 1911 uwanja ukashusha dau la chini kabisa kutoka dola 5 mpaka dola 2. Kwa mfanyakazi wa kiwanda, huo ulikuwa mlango uliofunguliwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1913, farasi ambaye karibu hakuna aliyemtegemea, Donerail, alishinda Derby. Tiketi ya dola 2 ililipa dola 184 na senti 90. Habari hiyo ilienea nchi nzima kuliko tangazo lolote. Mpaka leo hakuna mshindi wa Derby aliyelipa zaidi.

Mwaka 1915 Winn alimshawishi tajiri wa New York, Harry Payne Whitney, alete farasi jike aliyeitwa Regret. Regret akawa jike wa kwanza kushinda Derby. Wale matajiri wa mashariki waliokimbia tangu ugomvi wa 1886 walirudi, na mzunguko uliokuwa ukiangusha uwanja ukageuka kuuinua: farasi bora, watu wengi, zawadi kubwa, farasi bora zaidi.

Waandishi, redio na tramu

Winn alielewa jambo ambalo viongozi waliomtangulia hawakuliona: mtu ambaye hajafika uwanjani lazima kwanza auone kwa masikio. Aliwatafuta waandishi wa magazeti ya New York, akakaa nao, akawasimulia, akawaalika. Kila masika magazeti makubwa yakawa yanaandika juu ya Derby wiki nyingi kabla haijakimbia.

Redio ilipofika, wenye viwanja wengi wa michezo waliiogopa. Waliwaza kwamba mtu akisikia mchezo nyumbani hatanunua tiketi. Derby ilitangazwa kwa redio kwa eneo kubwa la nchi kwa mara ya kwanza mwaka 1925, na hofu hiyo haikutimia. Wasikilizaji waliosikia vishindo vya kwato na kelele za umati mwaka huu walitaka kuwa ndani ya kelele hizo mwaka ujao. Kwa jamii zinazoishi na redio kila siku, jambo hilo si geni: sauti haimfungi mtu nyumbani, inampa hamu ya kwenda kuona.

Hata vita havikusimamisha mbio. Mwaka 1943, mafuta yalipogawanywa kwa kipimo kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili, serikali iliomba watu wasisafiri. Uwanja haukuuza tiketi kwa watu wa nje ya mji. Hata hivyo majukwaa yalijaa wakaaji wa Louisville waliokuja kwa tramu, na mpaka leo mbio za mwaka ule zinaitwa Derby ya tramu. Mji uliokuwa ukiupuuza uwanja mwaka 1902 ndio ulioubeba miaka 41 baadaye.

Winn alifariki mwezi wa kumi 1949. Alikuwa ameona Derby zote 75 za kwanza, kuanzia ile ya mkokoteni wa baba yake.

Mwaka ule ule wa 1902

Sasa turudi nyuma kwenye ule mwaka wa kuuzwa kwa uwanja. Derby ya 1902 ilishindwa na farasi Alan-a-Dale. Aliyempanda ni kijana wa karibu miaka 20, Jimmy Winkfield, mtoto wa mwisho kati ya 17 katika familia ya Weusi wa mashambani karibu na Lexington. Alikuwa ameshinda mwaka 1901 pia. Mwaka 1903, katika Derby ya kwanza iliyoleta faida, alikuwa wa pili. Hakupanda Derby tena. Na tangu ushindi wake wa 1902, hakuna mpanda farasi Mweusi kutoka Marekani aliyeshinda mbio hizo.

Nini kilitokea? Miaka hiyo ubaguzi ulikuwa ukipewa nguvu ya sheria. Mwaka 1896 mahakama kuu ya Marekani, katika kesi ya Plessy, ilikubali kwamba Weusi na Wazungu watenganishwe katika huduma za umma. Katika viwanja, wapanda farasi Wazungu walianza kupatana wakiwa njiani: wawili wanambana Mweusi kwenye uzio, mwingine anampiga mjeledi, farasi wake anaumia. Mwenye farasi akiona hivyo mara mbili, mara tatu, anaacha kumpa Mweusi kazi, si lazima kwa kumchukia, bali kwa kuogopa hasara. Hivyo ndivyo kazi iliyojengwa na watu kwa vizazi ilivyoweza kuwatoka mikononi ndani ya miaka michache.

Winkfield mwenyewe alifanya kosa mwaka 1903. Alivunja makubaliano na tajiri mwenye nguvu, John Madden, ili apande farasi wa mtu mwingine aliyemlipa zaidi. Madden hakumsamehe. Mpanda farasi Mzungu mwenye kipaji kama chake angeweza kupata mwajiri mwingine. Kwake milango ilikuwa tayari michache, na hiyo michache ikafungwa.

Uongozi mpya wa Louisville haukuanzisha ubaguzi huo. Ulikuwa ukienea katika viwanja vyote vya nchi. Lakini uongozi uliojua kubadilisha aina ya pari, bei ya dau, maneno ya magazeti na hata mioyo ya matajiri wa New York, hilo haukulibadilisha. Mwaka 1921 mpanda farasi Mweusi wa Marekani, Henry King, alikimbia Derby. Baada yake ilipita miaka 79 bila mwingine, mpaka Marlon St. Julien alipopanda mwaka 2000. Katika miaka hiyo majukwaa yalizidi kujaa. Mtu aliyehesabu tiketi peke yake angesema kila kitu kinakwenda vizuri.

Njia ya kutoka Odessa

Winkfield alihama nchi mwaka 1904. Akaenda Urusi, ambako walitazama anavyopanda na hawakuuliza zaidi. Alishinda mbio kubwa za Moscow na Warsaw, akajifunza lugha, akaoa, akawa mtu wa heshima. Mwaka 1917 mapinduzi yakaangusha utawala wa mfalme wa Urusi, na mbio za farasi, mchezo wa matajiri, zikawa hatari kwa kila aliyekuwa nazo karibu. Watu wa farasi walikimbilia kusini, mji wa Odessa, kwenye Bahari Nyeusi.

Mwezi wa nne 1919 vita viliikaribia Odessa. Winkfield na wenzake waliondoka wakiwa na farasi zaidi ya 200, kwa miguu, kupitia Romania na milima yake, kuelekea Warsaw. Safari ilikuwa ya zaidi ya kilomita 1,700. Kulikuwa na baridi na njaa. Baadhi ya farasi walikufa, na wengine waliliwa ili watu waishi. Farasi wengi walifika. Familia iliyowahi kuondoka usiku na mifugo mbele, risasi nyuma, bila kujua nani atafika, haihitaji kuelezwa safari hiyo ilikuwa ya namna gani.

Kutoka Poland alihamia Ufaransa, akaanza upya. Alishinda huko pia. Alipoacha kupanda mwaka 1930 alikuwa na ushindi zaidi ya 2,500 katika nchi mbalimbali, akafungua mazizi yake Maisons-Laffitte karibu na Paris. Miaka kumi baadaye jeshi la Ujerumani likaingia Ufaransa na kuyatwaa mazizi. Akakimbia tena, mara hii kurudi kwao Marekani mwaka 1941. Mshindi wa Derby mbili alifanya kazi ya kutengeneza barabara ili ale. Baada ya vita, mwaka 1953, alirudi Ufaransa na kuanza upya kwa mara nyingine.

Mlango wa mbele

Mwaka 1961 waandishi wa mbio za farasi walimwalika Winkfield Louisville kwa karamu, siku chache kabla ya Derby. Alikuja na binti yake. Alikuwa mzee, amevaa vizuri. Kwenye hoteli, mlinzi alimwambia kwamba Weusi hawaingii kwa mlango wa mbele. Walisubiri pale, wakaeleza kwamba wamealikwa, mpaka wakaruhusiwa kuingia. Ndani, watu wengi hawakumsemesha. Mji aliokuwa ameusaidia kupata jina haukujua uso wake.

Alifariki Ufaransa mwaka 1974. Mwaka huo huo, mwezi wa tano, Derby ya 100 ilikuwa na watazamaji 163,628. Jina lake liliingizwa katika orodha ya heshima ya makumbusho ya mbio za farasi ya Marekani mwaka 2004, miaka 30 baada ya kifo chake. Isaac Murphy naye, mshindi wa Derby tatu, alizikwa mwaka 1896 katika makaburi ya Weusi mjini Lexington, na kaburi lake lilikuja kupotea kabisa machoni pa watu. Liligunduliwa tena miaka ya 1960, na mabaki yake yakazikwa upya kwa heshima.

Wakaaji Weusi wa Louisville nao walijua nguvu ya umati ule. Mwaka 1967, walipokuwa wakidai sheria ya kumruhusu kila mtu kupanga au kununua nyumba katika mtaa wowote wa mji, waliandamana katika wiki ya Derby, kwa sababu ndiyo wiki ambayo dunia inautazama mji wao. Sheria hiyo ilipitishwa mwezi wa kumi na mbili mwaka huo huo. Na mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, Derby ilikimbia mwezi wa tisa bila watazamaji. Majukwaa yalikuwa matupu, wakati nje ya uzio mamia ya watu waliandamana kudai haki kwa Breonna Taylor, mwanamke Mweusi aliyeuawa na polisi nyumbani kwake mjini humo mwezi wa tatu.

Kazi ya Matt Winn inastahili sifa, na komite yoyote inayotaka kuamsha uwanja uliolala inaweza kujifunza kwake: anza na wakaaji wa mji, shusha bei ya mlango, usiogope redio, rudisha waliokimbia kwa hasira. Lakini aliwarudisha matajiri waliokimbia kwa hasira. Wapanda farasi waliokimbia kwa kukosa nafasi hakuna aliyewafuata. Komite ikikaa kuhesabu waliokuja, ihesabu pia waliokuwepo zamani na hawaonekani tena, kisha itume mtu akawaulize kwa nini.